Kambi Isiyo na Miti

Inspekta aliisikiliza ile simu kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine haikumwambia jipya. Sauti ya mama mtu mzima, pumzi juu juu, upepo nyuma yake.

"Halo? Halo! Mume wangu ameanguka, mdomo umekwenda upande, hasemi! Tuko Kambi ya Mawe. Kambi ya Mawe, mnanisikia? Tumeegesha chini ya miti, ziwa liko mbele yetu. Njooni haraka, wanangu, njooni..."

Kisha kishindo. Kisha kimya.

"Rudia."

"Afande, tukirudia tena hata huyo mama atachoka," alisema Koplo, lakini akarudia.

Simu ilikuwa imepigwa jana alasiri katika kituo cha dharura. Gari la wagonjwa lilikimbia Kambi ya Mawe, likakuta mawe. Polisi wa doria wakaenda, wakazunguka na tochi mpaka usiku wa manane, nao wakakuta mawe yale yale. Asubuhi hii jambo zima lilitupwa mezani kwa Inspekta, ambaye ofisini walimwita Bi Kwanini akiwa hayupo, na wakati mwingine hata akiwepo. Mtu aliyepigwa na kiharusi alikuwa amelala mahali fulani tangu jana. Haikuhitaji daktari kuja kueleza maana yake.

Mbele ya meza alisimama binti wa hao wazee. Alikuwa msusi, na alikuja na aproni yake ya kazini, chanuo limechomekwa nyweleni, amesahau kama lipo.

"Kaa, mdogo wangu."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na nikilia mtaanza kunibembeleza badala ya kumtafuta baba."

Inspekta alimpenda hapo hapo. "Basi nieleze umesimama. Baba ni nani?"

"Alikuwa fundi wa mafriji. Wote wanamwita Fundi Friji. Alipostaafu alinunua basi dogo bovu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na friji ya gesi. Sasa wanazunguka na hilo gari-nyumba lao yeye na mama, wanatafuta mahali pa kulala penye mandhari."

"Pa kulipia?"

"Baba alipie!" Msusi nusura acheke. "Hoteli kwake ni wizi. Hata kambi yenye bomba na choo anasema ni hoteli iliyovaa kaptula. Anataka milima, maji, ndege wanaimba, na asitokee mtu na risiti."

"Mama anajua kuendesha?"

"Hata baiskeli hajui."

"Simu ya baba?"

"Hana. Anasema simu ni kamba ya shingoni. Iko moja tu, ya mama, na tangu jana haipatikani."

Kampuni ya simu ilikwisha kujibu: mnara ulioipokea uko juu ya kilima, na unahudumia ziwa zima, pande zote mbili. Yaani walikuwa wameambiwa kwamba sindano iko ndani ya nyumba.

Koplo alikuwa na dhana yake, na ilikuwa inamwasha. "Afande, hawa wametekwa. Mama kalazimishwa kutaja mahali pa uongo ili sisi tuzurure."

"Kwanini mtekaji amlazimishe mateka wake kupiga simu polisi?"

Koplo alijifanya anatafuta kalamu.

Msusi alitoa simu yake akaiweka mezani. Kiooni kulikuwa na picha aliyotumiwa na mama yake juzi. Mama amekaa kwenye kiti cha kukunja cha turubai yenye mistari, kikombe mkononi, anacheka. Nyuma yake pua ya gari, gurudumu la mbele limepandishwa juu ya kipande cha ubao, juu ni matawi mazito, na pembeni ukanda wa maji. Chini mama ameandika: *Tumefika Kambi ya Mawe. Pazuri mno, mwanangu!*

"Umewahi kufika huko?"

"Wapi! Baba hataki kabisa tuwafuate."

"Kwanini?"

"Sijui. Nilidhani anataka kupumzika na mkewe."

Inspekta alichukua funguo. Alimwambia Msusi abaki ofisini asubiri. Walipofika kwenye gari walimkuta ameshakaa kiti cha nyuma, amefunga mkanda.

*

Kambi ya Mawe ilistahili jina lake. Changarawe nyeupe, miamba mitupu, kibanda cha mabati, na kamba iliyofungwa njiani ili mtu asipite bila kulipa. Ziwa lilionekana, ndiyo, lakini kwa mbali, kwa kuchungulia kati ya majabali. Inspekta alizunguka taratibu akitazama juu. Hapakuwa na mti. Hapakuwa hata na kichaka cha mtu kujificha akibanwa na haja.

Mtunzaji wa kambi alitoka kibandani ameshakasirika kabla hajasalimiwa.

"Nimewaambia wenzenu jana. Hakuna gari-nyumba lililolala hapa wiki hii. Mnataka nilizae?"

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba," alijibu, na hasira ikampungua kidogo, maana salamu ni salamu.

Wakati huo Msusi alikuwa amechungulia kibandani. Ukelele wake uliwageuza wote. "Kiti cha mama! Kile pale! Mistari ile ile! Mmewafanya nini wazazi wangu?"

Kwa hatua mbili Koplo alikuwa amemfikia mtunzaji, pingu mkononi. Inspekta aliinua kidole kimoja, Koplo akasimama, ingawa alionekana kuumia.

"Mzee, kiti hiki umekipata wapi?"

"Nimepewa na mwenyewe! Fundi Friji! Nimepewa mwaka jana, kwa kunipoza!"

"Kukupoza kwanini?"

Mtunzaji alikaa juu ya kile kile kiti cha ugomvi. Inaonekana alikuwa amengoja siku nyingi kuulizwa. "Kwa sababu ya watu wake! Kila msimu wanakuja, na magari yao, wamechoka, wamepigwa na jua. Wanauliza, miti iko wapi? Miti gani, nawauliza. Wanasema, Fundi Friji ametuonyesha picha, Kambi ya Mawe, miti mizuri, ziwa mbele, unalala bure. Nawaambia, tazameni wenyewe! Wananitukana, afande. Kana kwamba mimi ndiye niliyeing'oa hiyo miti usiku nikaificha! Siku moja akapita mwenyewe. Nilimshika shati. Akacheka, akaniachia kiti hiki, kimoja cha viti vyake viwili, akasema samahani mzee mwenzangu, vumilia, unanisaidia sana."

"Kwa hiyo hajawahi kulala hapa?"

"Hata kusinzia."

Koplo alirudisha pingu kiunoni kwa huzuni. "Basi huyo mzee ni mwongo tu."

"Mwongo, sawa," alisema Inspekta. "Kwanini mtu asifie mahali pabaya hivi?"

"Ili watu wasiende pazuri," alisema mtunzaji. "Hilo nalo linahitaji polisi?"

Inspekta hakukasirika. Alikuwa ameichukua simu ya Msusi, anaitazama miti kwenye ile picha. Mama alisema miti, na miti ipo. Alisema ziwa mbele, na maji yapo. Kila alichokiona kwa macho yake alikisema sawasawa. Alichokosea ni kile kisichoonekana kwa macho, yaani jina.

"Mdogo wangu, mama yako anaweza kutunza siri?"

"Mama?" Msusi alitikisa kichwa. "Mama ni redio. Mwambie siri asubuhi, mchana anakusimulia muuza nyanya." Kisha uso wake ukabadilika, na hatimaye akakaa, chini, kwenye changarawe. "Mungu wangu. Baba amemdanganya mama pia."

"Ndiyo. Mama yako ametuelekeza kwa moyo wote mahali anapodhani yupo."

Mtu alikuwa anakufa mahali ambapo ni yeye peke yake aliyepajua, na ulimi wake ulikuwa umelala.

*

Gari-nyumba halikai porini milele. Linaishiwa maji, linaishiwa gesi, choo chake kinajaa. Lazima litoke kujaza na kumwaga, na mtunzaji aliwaambia kwamba watu wa ziwa lile wote hufanya hivyo kwenye uwanja ulio nyuma ya kituo cha mafuta barabarani. Koplo aliendesha kama mtu anayefukuzwa.

Uwanjani palikuwa na gari-nyumba moja tu. Mwenyewe alikuwa akisafisha kioo cha mbele, shati limepigwa pasi mpaka kola, viatu vinang'aa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alisimama kama anasubiri kengele. Mkewe alikaa kwenye ngazi ya mlango akimenya viazi.

"Mwalimu," alisema Inspekta baada ya salamu, "Fundi Friji analala wapi?"

"Kambi ya Mawe. Ndivyo anavyotuandikia kwenye kundi letu la simu."

"Nawe unaamini?"

"Afande, nimefundisha watoto maisha yangu yote. Mtoto anayedanganya namjua kwa harufu."

"Basi analala wapi?"

"Sisi hatuulizani."

"Hawaulizani!" Mkewe aliguna bila kuinua macho. "Wanapelelezana kuliko nyinyi polisi."

Mwalimu alikunja kitambaa chake pembe kwa pembe. "Afande, mahali pazuri pa bure ukishapataja, pamekufa. Msimu mmoja tu, unakuta chupa, muziki, moshi. Msimu wa pili kuna kamba njiani na mtu anadai kiingilio. Kwa hiyo kila mmoja wetu akituma picha, anaandika jina la mahali pengine. Tunaita kufunika sufuria. Siyo uongo. Ni... ni utaratibu."

"Huyu kafunika sufuria na mkewe ndani," alisema Inspekta. "Fundi Friji ameanguka tangu jana. Kiharusi. Mke amepiga simu akataja Kambi ya Mawe."

Mwalimu alimtazama, akamtazama Koplo, akatabasamu kidogo. "Kuna mmoja aliwahi kuniambia mama yake amefariki na maziko yako kule ninakolala. Nilikuwa karibu kumwelekeza. Watu wana hila, afande."

"Hila?" Msusi alipita katikati yao mpaka akawa pua kwa pua na mzee wa watu. "Nitazame! Mimi ni binti yake! Nina uso wa mtu anayetafuta pa kuegesha gari?"

Tabasamu lilimtoka Mwalimu. Lakini bado alisema, kwa sauti ndogo, "Sijui. Kwa kweli sijui aliko."

Inspekta hakubishana naye. Alikuwa akiangalia chini, kwenye gurudumu la nyuma la gari la Mwalimu. Gurudumu lilikuwa juu ya kipande cha ubao ili gari lisikae kombo, maana friji ya gesi gari likikaa kombo haipoozi. Ncha ya ubao ilikuwa imepakwa rangi ya bluu. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Gurudumu la mbele la Fundi Friji. Ubao. Ncha ya bluu.

"Mwalimu, mbao zako umezipata wapi?"

"Nilinunua. Dukani."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. "Uliniambia uliziokota barabarani," alisema mkewe.

"Niliokota baadhi, nyingine nika..."

"Mzee." Mama huyo aliinuka, maganda yakamwagika miguuni. "Mwenzako anakufa. Mkewe yuko peke yake porini anamtazama. Sema!"

Mwalimu alisema. Alisema haraka, macho kwenye viatu vyake, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Ng'ambo ya ziwa kuna kiwanda cha kupasua mbao. Mbao za kiwanda hicho zote hupakwa bluu kwenye ncha, na mlinzi hugawa vipande vilivyobaki. Nyuma ya kiwanda kuna njia ya zamani ya magogo; kwenye panda unashika kushoto, unashuka mpaka majini. Yeye alimfuata Fundi Friji kwa siri, akafika, akakamatwa, wakapeana mkono kwamba hatatoka mtu na neno.

"Na sisi?" aliuliza mkewe. "Wewe na mimi tulilala hapo?"

"Mara mbili."

"Kule kwenye maua ya njano? Uliniambia kule ni Bonde la Nyuki! Nimemwambia dada yangu ni Bonde la Nyuki!"

Inspekta hakungoja jibu. Alikuwa tayari kwenye redio, anaomba gari la wagonjwa lizunguke ziwa liwakute kwenye geti la kiwanda.

*

Mlinzi wa kiwanda alifungua geti kabla gari halijasimama. Ndiyo, Fundi Friji anamjua. Ndiyo, alipita na mama, siku mbili tatu hivi zilizopita. Tangu hapo hajamwona.

"Jana hukusikia kitu chochote?"

"Kitu gani? Labda honi. Kulikuwa na honi huko chini, ndefu, inalia tu, inalia tu, mwisho ikakonda sauti ikakatika. Nilidhani madereva wa magogo wanataniana."

Msusi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Koplo alitoa tusi ambalo Inspekta alijifanya hakulisikia, na gari likaingia msituni.

Njia ilikuwa mbaya. Matawi yalipiga vioo, magurudumu yalidumbukia na kupanda, na nyuma yao gari la wagonjwa lilifuata likiyumba. Inspekta alijikuta ameshika mpini wa mlango mpaka vidole vinauma. Alikuwa anaogopa, basi. Aliwahi kufika mahali akiwa amechelewa, na hakutaka kuona tena uso wa mtoto anayefika naye. Kwenye panda Koplo aliuliza, "Kushoto?" ingawa alikuwa ameambiwa mara tatu.

"Kushoto."

Miti ilifunguka, na palikuwa pazuri. Hilo lazima lisemwe. Miti mikubwa yenye kivuli, nyasi fupi, maji ya bluu yanafika karibu na mlango wa gari, na hakuna takataka hata moja. Inspekta alipachukia mara moja.

Mama alikuwa amekaa chini kando ya gari, kichwa cha mumewe mapajani, amemkingia mwavuli. Alipoona magari hakuinuka. Alisema tu, "Anapumua. Anapumua bado. Taratibu jamani, anapumua."

Msusi alikimbia akapiga magoti. Tabibu wa gari la wagonjwa akafuata na mkoba wake, akashika mkono wa mzee, akamulika macho, akamfinya vidole vya upande wa kulia, kisha vya kushoto.

"Mapigo yapo," alisema. "Kulia hapasikii kitu. Kushoto pazima. Anatusikia, huyu. Mzee, unanisikia? Fumba macho kama unanisikia."

Fundi Friji alifumba macho, na machozi yakatoka pembeni. Msusi sasa alilia, kwa sauti, bila kujali nani anambembeleza.

Walipokuwa wanamfunga kwenye machela, Inspekta alimshika mama mkono akamsogeza pembeni. Ilibidi apate maelezo. Pia hakutaka mama aone sindano.

"Mbona mmechelewa hivi, mwanangu?" aliuliza mama. Hakuwa na ukali, alikuwa amekauka tu. "Nilisema Kambi ya Mawe. Nilisema mara mbili."

"Tulikusikia, mama. Ulipigia wapi?"

"Juu ya jabali lile. Hapo tu ndipo mtandao unashika. Nilipanda nikiwa namwona yeye hapa chini. Nikawapata, nikaeleza, naye alikuwa ananitazama. Nilipotaja Kambi ya Mawe akaanza kupunga ule mkono mzima. Anapunga, anapunga, macho yamemtoka. Nilidhani ananiaga. Nikalia, mikono ikalegea, simu ikaanguka kwenye mawe ikapasuka. Nikapiga honi mpaka betri ikafa."

"Hukuwaza kwenda kiwandani kwa miguu?"

"Nimwache na nani? Na mlikuwa njiani mnakuja. Nilimwambia hivyo, tulia mume wangu, nimeshawaelekeza, wanakuja sasa hivi. Basi akawa analia. Kila nikimwambia wanakuja, analia." Alimgeukia Inspekta. "Kwanini alikuwa analia vile?"

Inspekta alizoea kuuliza, siyo kuulizwa. Koplo, aliyekuwa karibu, aligeuka akaanza kukagua gurudumu lisilo na kosa lolote.

"Mama," alisema Inspekta, "hapa siyo Kambi ya Mawe. Mzee alikwambia hivyo ili pasijulikane. Kambi ya Mawe ni kule." Akaonyesha ng'ambo ya maji, kwenye majabali meupe yaliyokuwa yakimeta juani.

Mama alitazama huko kwa muda mrefu.

"Kule?"

"Kule."

"Jana usiku kule kulikuwa na taa," alisema polepole. "Taa nyingi, zinazunguka, zinapanda, zinashuka. Niliziona kutoka hapa. Nikamwinua kichwa na yeye azione. Nikamwambia, tazama baba, kuna watu wamepotea kule, maskini, wanatafutwa. Nikamwambia tuwaombee."

Mama hakungoja jibu. Alikwenda mpaka kwenye gari la wagonjwa, akapanda bila kusaidiwa, akakaa kando ya machela. Mumewe alimtazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa. Mama akauchukua ule mkono wa kushoto, mkono uliokuwa umepunga, akaukumbatia kwa mikono yake miwili kifuani.

"Pona," alimwambia. "Pona upesi, maana nina maneno na wewe."